Kimombo cha Msitu wa Sokoke

Wapo watu Kilifi wanaotumia maneno mazito ya Kiingereza kwa usahihi unaoweza kumtoa jasho mhitimu wa chuo kikuu, na wengi wao hawakuyaokota darasani. Ni waongozaji watalii wa msitu wa Arabuko-Sokoke na wa hori ya Mida. Mwulize mmoja wao habari za neno ‘endemic’. Hatakupa maana yake. Atakwambia kwamba kwera wa Kilifi ni ‘endemic’ hapa kwa sababu hapatikani popote duniani nje ya kaunti hii, lakini yule bundi mdogo wa Sokoke hawezi kuitwa hivyo kwa msitu huu peke yake, maana yuko pia milima ya Usambara, ng’ambo ya mpaka. Hapo umelijua neno kwa mipaka yake: linapoingia na linapogoma.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na ni ufundi hasa, wenye vifaa na mazoezi, wala si kipaji. Mwongozaji hupata neno alfajiri, na kabla ya saa tatu analitumia mbele ya mgeni mwenye darubini shingoni na kitabu cha ndege mkononi. Akikosea, anasahihishwa papo hapo, na pengine bahashishi inapungua. Neno lililopita katika tanuri hilo halisahauliki.

Sasa mtazame mwanafunzi. Ana daftari la msamiati lililogawanywa kwa mstari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Usiku anakariri. Siku ya mtihani anayamwaga yote katika insha moja, akiamini kwamba mtahini hupima maneno kwa kilo. Daftari lilimwambia kwamba ‘meticulous’ ni makini. Na kwa kuwa mtu makini kwetu ni mtulivu vilevile, anaandika kwamba siku ile bahari ilikuwa ‘meticulous’. Sentensi haina kosa la sarufi hata moja. Tatizo ni kwamba bahari haihesabu shanga.

Simlaumu mtoto. Shule nyingi za nchi hii zilifundisha Kiingereza kwa kibao cha aibu, alichovikwa shingoni aliyeteleza kwa lugha ya mama. Aliyefunzwa hivyo hujifunza kwanza kunyamaza, na mtu aliyenyamaza hatungi sentensi.

Mwalimu mmoja Mwingereza, A. S. Hornby, aliliona jambo hili akifundisha Japani. Wanafunzi wake walijua maneno tele, ila hawakujua neno lipi huandamana na lipi. Kamusi aliyoitunga na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa tena 1948, na wajukuu wa kamusi hiyo ndio wanaojaa kwenye maktaba za shule zetu hadi leo. Sifa yake kubwa ni mifano: neno limewekwa ndani ya sentensi, likaonyeshwa linavyotembea. Wanafunzi wengi huiruka mifano hiyo wakakimbilia maana. Wanakula ganda.

Lakini kwa nini twende Japani, na Rabai iko hapa hapa kwenye kaunti? Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihamia Rabai mwaka 1846, nao ndio waliokuwa wanafunzi, sisi walimu. Hawakuwa na kamusi ya kutegemea. Ilibidi waulize na kusikiliza. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, imejaa sentensi za watu, na mara nyingine maelezo ya mila, chakula na vyombo yanayojaza safu nzima. Rebmann naye alikusanya kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa bila kukanyaga nchi yao, kwa kukaa na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani utumwani. Tunaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya wamisionari, na tuyaseme. Katika kazi hii ya maneno, walijua wanachokifanya.

Na Malindi? Tangu Waitaliano waweke jukwaa lao la San Marco kule Ngomeni, lililorusha satelaiti mwaka 1967, Kiitaliano kimezagaa ufuoni. Mabichi boi walikinasa kikiwa sentensi nzima nzima, salamu na bei na utani, na maneno yakafuata baadaye. Wengine hawajawahi kushika kitabu cha lugha hiyo.

Ninachopendekeza basi ni kulileta neno gumu nyumbani kwetu. ‘Derelict’ ni kuta za magofu ya Gede zilizomezwa na mibuyu na miti mingine, andika hivyo. ‘Meticulous’ ni mgema anayelikata karara la mnazi kipande chembamba asubuhi na jioni, asije akalikausha. ‘Erratic’ ni mvua za Ganze. Maneno mengine, kusema kweli, yanaweza kuachwa: sijaona insha iliyookolewa na ‘plethora’.

Nawaomba walimu wa Magarini, Ganze na Kaloleni: mkimpa mtoto neno jipya, msimwulize maana. Mwambieni alete kesho sentensi ya jambo alilolishuhudia mwenyewe, shambani, sokoni au kisimani, na wenzake waipime kama ni kweli. Akileta iliyonakiliwa kitabuni, mrudishieni.