Modeli Moja, Mafundi Wengi

Ukizunguka Walt Disney Concert Hall, jijini Los Angeles, utachoka kutafuta pembemraba. Mabamba ya chuma kisichoshika kutu yamejikunja kama matanga ya jahazi yaliyoshiba upepo. Ukuta wa namna hii haujengwi kwa timazi na ramani ya karatasi, kwa sababu kila hatua unayopiga umbo limeshabadilika.

Lillian Disney, mjane wa Walt Disney, alitoa dola milioni 50 kwa ukumbi huu wa muziki mwaka 1987, na mwaka uliofuata akachaguliwa msanifu Frank Gehry. Gharama zikapaa, mradi ukalala, hadi ujenzi wa ukumbi wenyewe ulipoanza 1999.

Gehry alianza kwa mikono, kwa kijumba cha karatasi na mbao. Kisha wasaidizi wake walipitisha kalamu ya kielektroniki juu ya kijumba hicho, nukta baada ya nukta, na kila nukta ikaingia kwenye CATIA, programu ya Kifaransa iliyozaliwa katika viwanda vya ndege za kivita. Nukta zikawa mistari, mistari ikawa nyuso, nyuso zikawa modeli moja. Utamu wa kazi uko hapo. Aliyekata chuma alichota vipimo kwenye modeli hiyo, na wa mabamba akachota mkunjo wake humo humo. Kwangu mimi, hilo lilisaidia kuliko ustadi wowote wa kuchora, maana kila anayenakili ramani upya huongeza kosa lake juu ya kosa la mwenzake.

Nani hajaona fundi bomba akifika saiti, akakuta zege la boriti limeshakauka, akaomba tindo? Kwenye modeli, bomba na boriti vikigongana, mgongano unaonekana mapema, na kuusahihisha hakubomoi kitu. Mkandarasi Mortenson alikwenda mbele zaidi, akaifunga modeli na ratiba ya kazi, hivyo watu waliweza kutazama jengo likipanda wiki kwa wiki kabla halijapanda.

Kwa upande wa sauti, wajenzi hawakuiachia kompyuta peke yake. Timu ya mtaalamu wa sauti Yasuhisa Toyota ilipima mwangwi ndani ya ukumbi mdogo uliojengwa kwa kipimo cha 1:10, ndipo wakaridhika na umbo la ukumbi wa watu 2,265.

Milango ilifunguliwa Oktoba 2003, na jua likaleta shida yake. Sehemu kubwa ya mabamba ilikuwa na uso uliofifia, lakini machache yaling'arishwa kama kioo, tena kwenye kuta zilizobonyea ndani. Yalikusanya miale na kuirusha kwenye nyumba za jirani na njia ya waenda kwa miguu, ambako joto la sakafu lilipimwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Nyuso za jengo zikachambuliwa tena kwa kompyuta, yakabainishwa mabamba yenye makosa. Mwaka 2005 mafundi wakayapanda wakiwa na msasa, wakayakwangua mpaka mng'aro ukafa.