Kichanjani, Kindi Wote ni Weusi

Kichanjani, juu ya moto wa kukaushia nyama, kindi wote ni weusi. Aliyekuwa na mstari mweupe ubavuni, aliyekuwa na miguu yenye wekundu wa kaa la moto, aliyekuwa na mkia wa pete pete: moshi umewafanya ndugu wa tumbo moja. Manyoya yalibabuliwa kwanza kwenye ndimi za moto, yakakwanguliwa kwa kisu, na mkia uliokuwa mnene kama ufagio ukabaki uzi. Ndiyo maana mtu anaweza kula kindi tangu utoto wake hapa Lokandu, akaijua ladha yao barabara, na bado asiwe amewaona. Kazi ya kitaalamu kuliko zote katika mwili wa mnyama yule ilikwanguliwa kabla chungu hakijainjikwa.

Sisemi haya kwa kumlaumu mlaji. Lokandu ni mji mdogo wa Maniema, kando ya Lualaba, yaani mto Kongo wa juu, chini ya Kindu, kwenye kile kipande cha mto kinachopitika kwa boti mpaka Ubundu. Wagenya wana mto, Wasongola wana msitu, na soko ndilo linalowakutanisha. Kindi ni kitoweo cha watoto na cha siku ambayo mtego mkubwa haukushika kitu. Ninachotaka ni jambo dogo: kumrudishia koti lake, unywele kwa unywele, tuone lilivyoshonwa.

Chukua unywele mmoja wa mgongoni. Kwa mbali ungeuita wa kahawia. Ukiutazama karibu utaona hauna rangi moja: ncha nyeusi, chini yake kipande cha manjano, kisha cheusi tena, na shinani kijivu. Vipande hivyo havikupakwa kwa nje. Unywele huota ncha ikitangulia, na shinani mwake mna chembe zinazotia rangi wakati unywele unasukumwa kutoka ngozini. Kwa muda hutia nyeusi. Ishara ikifika, zinahamia kwenye manjano. Ishara ikikatika, zinarudi kwenye nyeusi. Sanduku zima la fundi huyu, yaani mwili wenyewe, lina rangi mbili tu, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya manjano na wekundu. Na pale asipotia kitu, sisi tunapaita peupe. Kijani hamna. Lakini mtazame kindi akiwa hatua kumi kutoka kwako, utaapa kwamba mgongo wake una kijani cha zaituni, kama ukungu ulioota juu ya gome. Ni nyeusi na manjano zilizochanganywa kwa vipande vidogo mno hata jicho likashindwa kuvitenganisha.

Msusi wa mikeka wa Pwani angeielewa kazi hii. Naye huchemsha ukindu katika rangi kabla ya kusuka, ili anapoanza, ua lijitokeze lenyewe, kwa kuwa kila uzi ulikwisha kupangiwa nafasi. Lakini yeye hutia uzi mzima rangi moja. Mwili wa kindi hutia rangi tatu au nne katika uzi mmoja mwembamba, na nyuzi ni maelfu kwa maelfu.

Kisha kuna mstari. Kindi wengi wa misitu ya Kongo wana mstari wa rangi nyepesi unaotoka begani hadi nyongani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Ricardo Mallarino na Hopi Hoekstra wakiwamo, walieleza jinsi mstari wa namna hiyo unavyofanyika kwa panya wenye milia wa Afrika, Rhabdomys. Jeni iitwayo Alx3 hufanya kazi kwa nguvu zaidi pale mstari mweupe utakapokaa, ikazizuia chembe za rangi zisikomae. Walipomwangalia kindi mdogo mwenye milia wa Amerika Kaskazini wakakuta jeni ile ile ikifanya kazi pale pale, ingawa panya na kindi hawakurithi milia yao kwa babu mmoja. Mafundi wawili wasiojuana wamefikia mbinu moja. Na mbinu yenyewe inajulikana kwa kila mtengeneza batiki: huziba kitambaa kwa nta ili rangi isiingie, na weupe unaousifia ni mahali palipolindwa.

Ukishaujua unywele na mstari, unaweza kuanza kuwatenganisha wenye makoti.

Kwa mnyama wa gramu mia na kitu, Lualaba ni bahari, na bahari hugawa watu. Kusini mwa mto Kongo, yaani upande wa kushoto unapoteremka na maji, yupo Funisciurus congicus, mdogo, mwenye mstari mweupe uliotiwa kivuli cheusi chini yake. Kivuli hicho ndicho kinachoufanya mstari uonekane umeinuka juu ya manyoya, kama mshono. Ukoo wake unaendelea mpaka Angola na kaskazini ya Namibia. Ng'ambo ya pili, kuelekea misitu ya Ituri, yupo Paraxerus alexandri, mdogo kuliko huyo, anayepanda na kushuka kwenye mashina ya miti akikwangua gome. Yeye ana milia mgongoni, lakini alama yake iko kwenye masikio: yana pindo jeupe, kama kanga.

Yule ambaye watu wengi huwa wamemwona bila kujua ni Funisciurus anerythrus, wa vichaka vizito na misitu ya maji. Oldfield Thomas wa London alimpa jina hilo mwaka 1890, na maana yake ni asiye na wekundu. Mstari wake wa ubavuni ni hafifu hata unaweza kuukosa. Hili ni koti la kazi, lisilo na mapambo; ndiyo maana macho hulipita. Lakini mpe muda. Baadhi yao wana tumbo lenye rangi ya chungwa lililoiva, na akijinyoosha juu ya tawi utagundua kwamba aliyeitwa asiye na wekundu alikuwa ameuficha upande wa chini.

Funisciurus pyrropus hafichi. Huyu hutafuta chakula chake chini, juu ya majani makavu, na mgongo wake una rangi ya majani hayo yakiwa yamelowa. Lakini miguu yake na mashavu yake ni mekundu kama mawese yaliyomwagika. Jina lake la kisayansi linasema hivyo hivyo: mwenye miguu ya moto. Akisimama kutafuna, mikono miwili myekundu inakutana mbele ya kifua cheupe, ukadhani ameota moto kwa karibu mno.

Juu zaidi, kwenye matawi yanayopata mwanga, anakaa Heliosciurus rufobrachium, kindi wa jua, aitwaye hivyo kwa kupenda kuota jua la asubuhi. Ufundi wake wote umewekwa mkiani. Pete nyeusi na pete nyepesi zinafuatana kuanzia shinani hadi nchani, na kila pete imetokana na nywele ambazo vipande vyao vya rangi vimelingana mahali pamoja. Fikiria hesabu yake: unywele ulioota karibu na shina la mkia na ule ulioota karibu na ncha hazijuani, lakini kila mmoja umebadili rangi kwa wakati wake ili pete ifunge bila mwanya. Msusi akikosea ncha moja, ukili mzima unapinda.

Na mkubwa wao ni Protoxerus stangeri, wa zaidi ya nusu kilo, mwenye kichwa cha mvi na mkia mrefu wenye mikanda. Tumbo lake karibu ni tupu, nywele chache tu, kana kwamba kitambaa kilikwisha. Huyu msimtazame koti, mtazameni zana. Meno yake mawili ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa nje yana tabaka gumu lenye chembe za chuma, ndilo linaloyapa rangi ya chungwa. Upande wa ndani ni laini zaidi. Anapotafuna, ndani kunalika haraka kuliko nje, na ukali unabaki daima. Seremala hulazimika kusimama anoe patasi yake. Patasi ya kindi hunolewa na kazi yenyewe. Kwa zana hiyo anapasua kokwa ambazo sisi tunazitafutia jiwe, za chikichi zikiwamo, hizo watu wa hapa wanazoziita ngazi.

Mtu aliyewatazama kindi wa misitu kama hii kwa subira kuliko wengi ni Louise Emmons, Mmarekani aliyefanya kazi karibu na Makokou, Gabon. Katika maandiko aliyoyatoa mwaka 1980 alieleza spishi tisa zinazoishi katika msitu mmoja, kuanzia kindi kibete wa gramu 16 hivi hadi yule mkubwa. Wamegawana: huyu juu, huyu katikati kwenye kamba za mitambaazi, huyu chini, huyu kokwa ngumu, huyu tunda laini na wadudu. Ukimsoma unaona makoti yale yanafuata maskani ya wenyewe.

Wapo pia wanaoitwa kindi bila kuwa kindi. Usiku hutoka mnyama mwenye utando kati ya miguu, anayejirusha kutoka mti hadi mti bila kupiga mbawa. Wanasayansi humwita Anomalurus, na ukoo wake ulitengana na wa kindi zamani sana. Alama yake ya ufundi iko chini ya shina la mkia: safu mbili za magamba yenye ncha, zinazomshikilia kwenye gome kama njumu.

Duniani wapo kindi wanaosifiwa zaidi. Kusini mashariki mwa Asia kuna jenasi ambayo jina lake, Callosciurus, maana yake hasa ni kindi mzuri, na mmoja wao, wa Prevost, ana mgongo mweusi, ubavu mweupe na tumbo jekundu. Huyo utamwona hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Zanzibar na Mafia wanaye wao mwenye tumbo jekundu, na watoto wanamjua. Wa Maniema wanataka umbali wa hatua kumi na subira ya nusu saa. Msitu huu una desturi ya kuficha: tumbili mzima, lesula, hakujulikana kwa wanasayansi hadi watafiti walipomkuta amefungwa mjini Opala mwaka 2007, akapewa jina rasmi mwaka 2012. Kama tumbili alifichika, kindi je?

Kati ya mwaka 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini mashariki mwa Kongo wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Kindi walioletwa walichunwa, wakajazwa pamba, wakafungiwa kibandiko mguuni, na mwaka 1922 ikatoka orodha yao iliyoandikwa na J. A. Allen, ambaye alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Hiyo ni kazi ya heshima, na ni kichanja kilichogeuzwa. Kichanja huhifadhi nyama kikatupa koti. Makumbusho huhifadhi koti yakatupa nyama. Jinsi kindi anavyoukunja mkia juu ya mgongo, jinsi anavyoteremka kichwa kikitangulia huku nyayo za nyuma zimegeuzwa kinyume, hakuna kati ya hivyo viwili kinachohifadhi.

Na iko sababu nyingine ya kutazama bila kushika. Mwaka 1985, katika mkoa wa Équateur, virusi vya mpox vilipatikana katika kindi aliyekutwa mgonjwa, na alikuwa anerythrus, yule wa koti la kazi. Kindi anayelala chini bila kukimbia, au mwenye vidonda, asiokotwe na mtoto, asiguswe na mama wa jikoni.

Kuhusu kutazama, fundi wangu alikuwa papa mmoja, mzee wa Lokandu aliyekulia kwenye mitego. Nilikuwa nimesimama chini ya mchikichi, shingo imekakamaa. "Mwana, usitazame juu kwanza," akasema. "Sikia namna maganda yanaanguka." Tukakaa. Kila kindi ana mlio wake, lakini papa alianza na kitu rahisi zaidi: mkwaruzo wa meno juu ya kokwa, kisha ganda linapopiga jani, tap, kisha kimya cha kutafuna. Akanyoosha kidole kabla mimi sijaona kitu.

Jua lilipofika kwenye matawi, kindi wa jua akatoka, akajilaza, mkia ukaning'inia upande wetu. Nikaanza kuhesabu pete kutoka shinani. Pete ya tano akajikuna, nikapotea, nikaanza upya. Papa hakusema neno. Aliondoka nikiwa nimefika ya tisa.