Fuvu Ndani ya Dhahabu

"Si kila king'aacho ni dhahabu." Wanachuo wengi wa ualimu niliowafundisha waliamini kuwa methali hii ni ya Waswahili tangu kale. Kumbe Waingereza nao huisema vivyo hivyo, na wao waliipokea kwa wengine. Katika karne ya 12 mwanazuoni Mfaransa, Alain de Lille, aliliandika wazo hilo kwa Kilatini. Na katika karne ya 14 Chaucer alilitia katika hadithi ya matapeli waliodai kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Hapo maana yake ni nyepesi: jihadhari na bandia.

Shakespeare aliichukua mwishoni mwa karne ya 16, katika tamthilia ambayo mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alituletea kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo mna visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Mchumba atakayechagua kile chenye picha ya Portia ndiye atakayemwoa. Mwana wa mfalme wa Moroko anafungua cha dhahabu, anakuta fuvu la mtu na karatasi yenye methali hiyo.

Sasa, msomaji, tazama vizuri. Kisanduku kile hakikuwa bandia. Kilikuwa dhahabu halisi. Basi onyo la hapa si kwamba king'aacho huenda kisiwe dhahabu, bali kwamba dhahabu yenyewe huenda isiwe na kile ulichokifuata. Mwalimu anayeishia kwenye maana ya kwanza anampunja mwanafunzi wake.

Kwetu Mara maana hii ya pili haihitaji jukwaa. Buhemba, wilayani Butiama, ina dhahabu ya kweli, iliyochimbwa tangu enzi za ukoloni. Mchimbaji mdogo huponda mawe, huyaosha, huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo. Mvuke wake ni sumu, humwingia kifuani yeye na yeyote aliye karibu. Dhahabu aliyoipata ni ya kweli. Fuvu nalo limo.

Nina lawama moja kwa methali yenyewe: inaifanya dhahabu kuwa kipimo cha kila kitu. Dagaa walioanikwa Musoma hung'aa juani kama fedha, wala hakuna anayewadharau kwa kuwa si fedha, ni kitoweo. Pamba ya Bunda, tuliyoiita dhahabu nyeupe, haing'ai, lakini ada za shule zimelipwa kwayo.

Kwa hiyo kijana akitaka kuacha masomo aende machimboni, usimwambie kuwa kile si dhahabu. Atakucheka, maana ameiona kwa macho yake. Mwulize kisanduku kina nini ndani.