Mkono Mwepesi

Msusi anayeijua kazi yake hamuulizi bibi wa miaka 70 anataka msuko gani kabla hajamshika kichwa. Humwamkia, hupokea marahaba yake, kisha huomba ruhusa ya kufungua kilemba. Ndipo vidole huanza kutembea: mapanja yamebaki wazi kiasi gani, utosi umepungukiwa wapi, mvi zimeshika mbele au zimetawanyika kichwa kizima, kisogoni kuna kovu la dawa iliyounguza zama zile za kunyoosha. Hayo yote huyajua kwa dakika chache, akiwa bado anauliza habari za wajukuu, na msuko hutoka humo. Picha za kwenye simu zitafuata baadaye, kama kuna haja.

Nawasifu wasusi wa namna hiyo. Wapo barazani Magomeni na Tandika, wapo Mombasa na Nairobi, wapo hata kwenye saluni kubwa zenye vioo ukuta mzima. Ususi wa mabinti una mashabiki wake, na kila msimu huja na majina mapya. Ususi wa kichwa kilichozeeka hakuna anayeupigia debe, na kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko wote.

Ugumu wake unaanzia kwenye nywele zenyewe. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na muda ambao kila unywele huendelea kukua hufupika. Unywele uliokuwa ukiongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi kwa miaka kadhaa sasa huanguka mapema, na unaoota mahali pake huwa mwembamba zaidi. Mafuta ya asili ya kichwani nayo hupungua, ndiyo maana mvi nyingi ni kavu na hukakamaa mkononi. Juu ya hayo kuna maisha ambayo kichwa hicho kimepitia: rasta zilizokazwa mpaka mtu akashindwa kulala, wivingi, kalikiti, dawa. Nywele zinazovutwa mara kwa mara huanza kukatikia mapanjani na pembeni mwa paji la uso. Mwanzoni zikipumzishwa huota tena. Mvutano ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na ngozi hufanya kovu, na hapo hakuna mafuta ya nyonyo wala ya nazi yatakayozirudisha. Msusi mzuri anaujua mpaka huo hata kama hajawahi kukaa na daktari wa ngozi, kwa sababu vichwa vilivyopita mikononi mwake ni vingi.

Tazama basi anavyopiga njia. Twende kilioni, ile mistari inayokwenda moja kwa moja mpaka kisogoni, ndiyo inayoombwa na bibi wengi kwa mazoea, na penye nywele za kutosha inapendeza. Lakini uso uliokonda mashavu ukisukiwa mistari iliyonyooka hivyo unaachwa wazi mno. Mapanja yanatokeza na paji linaonekana refu kuliko lilivyo. Fundi huipeleka mistari mshazari. Huanza nyuma kidogo ya ukingo wa nywele, akaziacha zile laini za mbele zijilaze zenyewe, kisha huupitisha mstari mmoja juu ya panja lililo wazi ili ulifunike bila kulivuta. Utosini huinua kidogo, labda kwa kukusanya misuko yote katika fundo dogo lililolegea, na jicho la anayetazama hupanda juu. Ni hesabu ya uso mzima, naye huifanya kichwani mwake bila kalamu.

Urefu nao una hesabu yake. Rasta za kufika kiunoni huushusha uso uliokwisha kulegea, na uzito wake wote hubebwa na mashina dhaifu. Msusi mwenye busara huzikata usawa wa taya au juu kidogo ya bega, akazichovya ncha kwenye maji ya moto zisifumuke, na ghafla shingo ya mama inaonekana tena. Nywele za uzi ninazipenda zaidi. Zile za uzi mweusi uliozungushwa kwenye nywele za mtu mwenyewe, walizosuka mama zetu walipokuwa vijana, hazina uzito wa kubeba wala hazihitaji moto. Uzi usipokazwa huzinyoosha nywele polepole na kuzilinda zisikatike. Sielewi kwa nini zimeachiwa watoto wa shule na picha za kale, maana juu ya kichwa chenye mvi zinakaa kwa heshima ya pekee.

Kuhusu rangi nina msimamo. Weusi wa tii, ule usiokuwa na kivuli hata kimoja, huukaza uso wa mtu mzima, na dawa nyingi za kuupata zina kemikali ya PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huleta muwasho na uvimbe wa hatari. Anayeitumia apimiwe kwanza kidogo kwenye ngozi, kila mara, hata kama aliitumia mwaka jana salama. Hina ya pwani ni njia nyingine. Juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa kwa kuwa hakuna weusi wa kuifunika, na wako bibi wa Lamu na Unguja walioifanya kuwa fahari yao. Anayesuka rasta anaweza kuchanganya nyuzi nyeusi na za kijivu mpaka zikaribiane na mvi za mwenyewe, akizidisha za kijivu pale zinapoota kwa wingi. Mchanganyo ukifanywa kwa makini, hutajua nywele zake zimeishia wapi. Lakini mama akisema anataka nyeusi, kichwa ni chake. Msusi atamwambia anachokijua mara moja, kwa adabu, kisha atasuka.

Nikitafuta mfano ambao wengi wanaukumbuka, humfikiria Profesa Wangari Maathai, aliyepokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 akiwa na miaka 64. Katika picha nyingi nywele zake zimesukwa, na kitambaa kinachopatana na nguo kimezungushwa juu ya paji. Kitambaa hicho kilifanya kazi kubwa. Kiliufunika ukingo wa nywele, sehemu inayochakaa mapema, kikauinua uso wote, na kikaacha misuko ionekane nyuma. Mwanamke wa umri huo hakuhitaji kuficha miaka yake ili apendeze mbele ya dunia.

Mpiga picha wa Nigeria, J.D. 'Okhai Ojeikere, alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko ya wanawake wa nchi yake, nyingi zikiwa za kisogo, na leo ni hazina. Nazitazama kwa furaha. Hata hivyo ubora ninaousifu hapa hauingii katika picha. Misuko miwili inaweza kufanana kila mstari, mmoja ukamwacha bibi na kichwa kinachogonga usiku kucha, mwingine ukamwacha akisinzia kitini kabla haujaisha. Kamera haioni tofauti. Anayeijua ni mwenye kichwa, na ndiyo maana utasikia wakielekezana: nenda kwa fulani, ana mkono mwepesi.

Mkono huo una adabu zake. Binti huketi mkekani, kati ya magoti ya msusi. Mama mwenye maumivu ya magoti na mgongo hawekwi chini. Hupewa kiti chenye egemeo, na msusi husimama nyuma yake, hata kama ni kwa saa nne. Kila anapotaka kichwa kiiname husema samahani, na kila chanuo kinapokwama husema pole. Akiona shingo imechoka husimamisha kazi, chai ikaletwa. Hachagui msuko wa siku nzima kwa mtu asiyeweza kukaa siku nzima. Na kabla hajamaliza hupitisha kidole chini ya kila mstari wa mbele, na uliokaza huufumua akauanza upya bila kuombwa.

Wako wanaoitwa majumbani. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku 10 bila kujipamba, na siku ya kutoka huoshwa, hufukizwa udi, nywele zikachanwa na kusukwa tena. Msusi anayeingia chumbani siku hiyo hashiki kichwa cha kawaida. Huchana kwa mafuta, kuanzia nchani kwenda shinani, taratibu, maana zimekaa muda bila kushughulikiwa. Huchagua msuko mdogo, usiopiga kelele, unaoweza kukaa chini ya mtandio bila kubonyea. Mama akijitazama kwenye kioo anataka kujiona yeye.

Jambo linaloniudhi ni malipo. Bibi hutozwa nusu, kwa hoja kwamba nywele zake ni chache, na msusi mwenyewe huona haya kudai zaidi kwa mtu mzima. Nywele chache ndizo zinazotaka muda mwingi. Sisi watoto na wajukuu tunaowapeleka tungefaa kulipa bei kamili na kuongeza.

Natamani vyuo vya ufundi vinavyofundisha ususi viwaruhusu wanafunzi kuwaleta bibi zao darasani. Kichwa cha plastiki kimejaa nywele kila upande, hakichoki shingo, wala hakisemi, "Mwanangu, hapo unanivuta." Msichana akijifunza juu yake pekee atatoka na kasi na mistari iliyonyooka. Mkono mwepesi ataupata kwa mtu aliye hai, afadhali mtu anayempenda na kumwogopa kidogo, ambaye akiumizwa atasema, na akitendewa vizuri atarudi mwezi ujao na wenzake wote wa upatu.