Shamba Lililosimama Wima

Kulima Kawangware, mtaa wa Nairobi, huanza kwa kutafuta gunia. Pale 46, zinapogeuzia matatu za njia ya namba hiyo, ploti zimebanana hata ukuta wa nyumba moja ndio mgongo wa nyingine. Mpangaji ana chumba kimoja cha mabati, ujia wa kupitia na kamba ya kuanikia nguo anayogawana na majirani. Kati ya mlango na mtaro ndipo penye nafasi ya gunia moja, na gunia moja lililojazwa vizuri hubeba miche mingi kuliko tuta la mbele ya nyumba nyingi za mitaa ya wenye nafasi.

Kujaza ndiko ufundi wenyewe. Gunia la kilo 90 lililobeba mahindi linafaa sana; la kilo 50 pia si haba. Fundi hukunja mdomo wa gunia nje, akatandaza udongo kidogo chini, kisha akasimamisha katikati mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa kitako. Mkebe anaujaza kokoto. Pembeni anamwaga udongo uliochanganywa na samadi, ya mbuzi au ya ng'ombe, iliyokaa mpaka ikapoa na kuacha kunuka. Halafu anauvuta mkebe juu taratibu: kokoto zinabaki zimesimama, udongo unazishika, na mkebe unajazwa tena. Hivyo hivyo mpaka juu. Mwishowe ndani ya gunia mna nguzo ya mawe ambayo hakuna anayeiona, na nguzo hiyo ndiyo roho ya kazi nzima. Maji yakimiminwa juu hushuka katikati ya mawe na kusambaa pande zote. Bila nguzo, juu kunakuwa tope huku miche ya chini ikifa kwa kiu.

Baada ya hapo ubavu hutobolewa matundu kwa kupishana, ili jani la juu lisilifunike la chini. Mche wa sukuma wiki huingizwa mzizi mbele, kwa kuinamisha kidogo, na udongo kukandamizwa kwa kidole gumba. Juu hupandwa dania, vitunguu vya majani au spinachi. Wengine hutenga gunia zima kwa terere, managu na saga, na wana haki: mboga hizo za kienyeji ni tamu, na zikichumwa zikapikwa saa hiyo hiyo hazina mpinzani.

Msimu wa kwanza huwa na adabu yake. Miche ikihamishwa kutoka kitaluni hulegea kwa jua la mchana, na mgeni wa kilimo hukimbilia mtungi. Anamwagia asubuhi, mchana na jioni, maji aliyoyanunua kwa pesa. Mwenye uzoefu hutia kidole kwenye tundu hadi fundo la pili. Akigusa ubaridi, huondoka. Maji yaliyosuuzia mboga au mchele hayamwagwi mtaroni, yanakwenda guniani. Yale ya sabuni nyingi yanaachwa.

Kisha huja vidukari. Hujificha chini ya jani, kwenye mishipa, na asiyegeuza majani hatawaona mpaka sukuma ianze kujikunja. Jivu la jiko, maji ya pilipili na vidole vyenye subira vinatosha kwa gunia moja au mawili. Kuku wa jirani ni shauri jingine. Huyo hutatuliwa kwa mazungumzo, au kwa kuinua gunia juu ya mawe na kulizungushia wavu wa zamani.

Mtihani mgumu zaidi ni wa kuchuma. Majani ya kwanza yanapofikia ukubwa wa kiganja, mkono unawasha. Anayechuma kwa pupa hubakiza kijiti. Sukuma huchumwa kutoka chini kwenda juu, moyo wa mmea ukaachwa na majani machache ya kuulisha, na mmea unaotunzwa hivyo huendelea kutoa kwa miezi. Hapo ndipo mtu hujua kwamba mboga ya jioni ipo hata siku ambayo mfukoni hamna kitu.

Kazi hii ina historia inayostahili kukumbukwa. Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, ilikuwa mashamba: askari Wanubi wa King's African Rifles waliopewa makazi huko mwanzoni mwa karne iliyopita walilima na kufuga ng'ombe pale palipojaa mabati leo. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya utafiti katika miji ya Kenya na kuonyesha kwamba familia nyingi za mjini zilikuwa zikilima, wakati wakuu wa miji wakihesabu jembe kuwa jambo la kijijini.

Magunia nayo yalienea sana baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Chakula kilipungua na bei zikapanda. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwapa wakazi wa Kibera na Mathare miche na mafunzo. Mwaka huo huo vijana wa kundi la Youth Reform walizoa takataka kwenye jalala la Kibera karibu na reli na kulifanya shamba la mboga, wakisaidiwa na Su Kahumbu, mtaalamu wa kilimo hai. Udongo ulipimwa, na alizeti zikapandwa ili zivute madini mabaya yaliyomo. Mtafiti Mmarekani Courtney Gallaher na wenzake, katika makala iliyotoka 2013, walionyesha kwamba wakulima wa magunia wa Kibera walikula vyakula vya aina nyingi zaidi, na kwamba waliolima kwa vikundi walipata pia majirani wa kutegemeana. Hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza. Gunia haliwezi kulindwa na mtu mmoja anayetoka alfajiri kwenda kazini. Hulindwa na ploti nzima.

Lakini hata ploti nzima inahitaji mkono wa sheria. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1908 inayozitaka halmashauri ziwatafutie wakazi wanaoomba vipande vya kulima mboga. Nairobi nayo ina sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, ya mwaka 2015. Sheria ya namna hiyo inapaswa kufika mpaka Kawangware: kwa maji ya bei nafuu, kwa udongo uliopimwa, kwa kipande cha uwanja kinachoweza kubeba magunia hamsini bila askari wa kaunti kuyapiga teke. Wenye ujuzi wako tayari mitaani. Wanachokosa ni mahali.

Na anayetaka kuanza asingoje serikali. Mvua za vuli huanza Oktoba, na miche ya sukuma hukaa kitaluni takriban wiki nne. Mbegu ziwe zimeingia udongoni mapema Septemba.