Vumbi Ndani ya Ganda la Waya

Fundi wa baiskeli wa Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hujifunzia kazi kwenye baiskeli isiyo na gia: ile ndefu, nyeusi, inayobeba mikungu ya matoke na madumu ya maji bila kulalamika. Baiskeli ya milimani ni mtihani mwingine. Ndiyo maana nikimwona fundi anayeijua gia vizuri, husimama nikamtazama hadi amalize.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu 1958, na kwenye banda la fundi Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda huelewana kwa Kiswahili. Adui yao ni mmoja. Kiangazi, barabara ya udongo mwekundu humwaga vumbi ndani ya ganda la waya wa gia. Humo vumbi hukutana na mafuta ya zamani, likawa zito kama uji uliolala. Mvua zikija, kutu nayo huingia. Basi kijana hufika akisugua kidole gumba: "Fundi, gia haipandi. Niwekee nyingine." Fundi mzuri humjibu, "Tulia kwanza, mwanangu."

Hashiki bisibisi upesi. Huinua gurudumu la nyuma, huzungusha pedali na kupeleka cheni kwenye duara dogo kabisa la meno ya friwili, waya ulegee. Kisha hufungua nati inayoushika waya huo kwenye mkono wa gia, ule unaohamisha cheni nyuma. Hapo vitu vitatu vimetengana, na kila kimoja hupimwa peke yake. Hubonyeza kibonyezo cha usukani: chepesi? Husukuma mkono wa gia kwa kiganja: unarudi wenyewe haraka, au umekwama kwenye maungio? Mwisho huvuta waya mbele na nyuma ndani ya ganda. Mkwaruzo ukisikika, ugonjwa umejulikana, na mteja hajatoa hata shilingi ya kipuri. Kwangu mimi, ufundi wote umo katika hatua hii.

Waya wa gia una unene wa milimita 1.2 tu. Fundi huupitisha taratibu ndani ya kitambaa kilichobanwa kwa vidole viwili. Uzi mmoja uliokatika hunasa pale pale. Ganda nalo, hasa kile kipande kifupi kinachojipinda karibu na gurudumu la nyuma, huoshwa kwa mafuta ya taa yanayosukumwa kwa bomba la sindano mpaka yatoke safi upande wa pili. Huachwa likauke kabisa, kisha matone machache ya mafuta mepesi. Grisi nzito hukusanya vumbi upya. Ncha ya ganda ikiwa imepondeka, huikata, huisawazisha kwa tupa, halafu huufungua mdomo wa plastiki wa ndani kwa spoku iliyochongwa. Ncha iliyokatwa ovyo huurudisha ugumu wote.

Ikibidi ganda libadilishwe, kumbuka hili: tangu kampuni ya Shimano ilipoleta gia za kubofya mwaka 1984, kila bofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Ganda la breki, lenye milimita 5 na chuma kilichozungushwa, hubonyea kidogo linapopinda na kula kipimo hicho. La gia, la milimita 4, lina nyuzi zilizonyooka, halibonyei. Wala usiligeuzie kazi: ganda la gia likitiwa kwenye breki linaweza kupasuka unapobana kwa nguvu.

Waya ukishafungwa tena, fundi huzungusha kirekebishi kidogo kinachopokea ganda, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku cheni ikitembea. Zile skrubu mbili za mipaka kwenye mkono wa gia hazigusi. Kazi ya skrubu hizo ni kuizuia cheni isiruke nje, hazihusiani na ugumu, na wengi huharibu baiskeli nzima kwa kuzichezea.

Ukienda Mbarara kununua vipuri, weka mfukoni kipande cha ganda lako la zamani, ulinganishe tundu na nyuzi zake kabla ya kulipa. Usikubali ganda la breki kwa kuwa tu rangi zimefanana.