Kumbukumbu za Minikompyuta na Suala la Vitenzi katika Kiswahili

Mjadala juu ya jina la kompyuta katika Kiswahili umedumu kwa miaka mingi. Wapo walioshikilia "kompyuta" kwa hoja kwamba limekwisha kuzoeleka. Wapo, hasa nchini Kenya, waliopendelea "tarakilishi", lililoundwa kwa kuambatanisha "tarakimu" na "akili". Na kuna "ngamizi", neno ambalo sikio la msemaji haliachi kulihusisha na kitenzi "angamiza". Hata hivyo, mjadala huo umejishughulisha na nomino peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo kubwa liko katika vitenzi, na kwamba pengo hilo hudhihirika pale mtu anapotaka kusimulia kwa Kiswahili kazi iliyofanywa kwa mashine za awali.

Jina "minikompyuta" lenyewe lahitaji tahadhari. Mwaka 1965 kampuni ya Digital Equipment ya Maynard, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitoa mashine iliyoitwa PDP-8, iliyouzwa kwa dola 18,000 hivi. Ilihesabiwa kuwa ndogo kwa sababu kompyuta kuu za zama zile zilijaza chumba kizima. Mashine hiyo ilikuwa na kimo cha jokofu dogo, na kumbukumbu yake ya kawaida ilikuwa na nafasi 4,096, kila nafasi ikiwa na biti 12. Kuiita "kompyuta ndogo" ni kumpotosha msomaji wa leo, ambaye kwake kompyuta ndogo ni ile iliyomo katika simu ya mfukoni. Ni heri neno la mkopo lenye maelezo kuliko tafsiri nyepesi isiyo ya kweli.

Namna ya kuianzisha yastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Mbele ya mashine palikuwa na safu ya swichi na safu za taa. Ikiwa programu iliyotangulia ilikuwa imefuta maagizo ya kupakia, mwendeshaji alilazimika kuyaingiza upya kwa mkono. Alipanga swichi kumi na mbili juu au chini, kila moja ikiwakilisha moja au sifuri, akagusa swichi ya kuhifadhi, kisha akaliendea agizo lililofuata. Maagizo hayo hayakufika ishirini. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuiwezesha mashine kusoma programu kubwa kidogo ya upakiaji, iliyotobolewa katika utepe wa karatasi; nayo ndiyo iliyosoma programu iliyokusudiwa. Utepe uliosomwa kwa mashine ya teletaipu ulikwenda kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde. Kwa kuwa kila nafasi ilihitaji herufi mbili, kuijaza kumbukumbu yote kulichukua karibu robo saa.

Waingereza na Wamarekani hukieleza kitendo hicho kwa taswira ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Taswira hiyo ikifasiriwa neno kwa neno huzaa kichekesho. "Washa" na "anzisha" yanatosha kwa mashine ya kitufe kimoja, lakini yanaficha ngazi tatu zilizoelezwa hapo juu. Kiswahili kina kitenzi kinachozibeba ngazi hizo bila kulazimishwa, nacho ni "koka". Anayekoka moto haanzi na gogo. Huanza na vijiti, vijiti vikashika ukuni, ukuni ukashika gogo. Yale maagizo machache ya mkono ni vijiti, utepe wa upakiaji ni ukuni, na programu yenyewe ni gogo.

Mfano wa pili ni "tunga". Kumbukumbu ya mashine hizo ilikuwa pete ndogo mno za sumaku, zilizopitishiwa nyaya kwa mkono. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake viwandani. Umeme ulipokatika, pete zilihifadhi yaliyokuwamo. Pete hizo zilitungwa kama shanga. Na kitenzi kicho hicho ndicho hutumika kwa shairi na kwa hadithi. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili aweza kusema kwamba programu ilitungwa na kuwekwa katika kumbukumbu iliyotungwa, akawaweka mtunzi na mtungaji wa shanga katika sentensi moja.

Jambo hili si pambo la lugha. Simulizi maarufu za enzi ya minikompyuta zimewatukuza wahandisi. Kitabu cha Tracy Kidder, The Soul of a New Machine, kilichotolewa mwaka 1981 na kutuzwa Pulitzer mwaka 1982, kinawafuata watu wa Data General waliounda mashine mpya. Ni kazi yenye nguvu, lakini mhusika wake mkuu ni muundaji. Afrika Mashariki ilizipokea kompyuta kutoka upande wa mtumiaji. Nchini Tanzania, baada ya matatizo ya kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta, uagizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku mwaka 1974. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977. Mambo hayo yamo katika kumbukumbu rasmi. Ya watoboaji wa kadi na waendeshaji wa zamu yamo vichwani mwao, nao ni wazee sasa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na achukuliwe, kwa mfano wa kubuni, mstaafu wa kazi hiyo anayeishi Mutuini, katika Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Mjukuu wake anamwuliza, "Guka, kompyuta yenu mliiwashaje?" Kazi alifundishwa kwa Kiingereza, nyumbani anazungumza Kikuyu, na kwa majirani Kiswahili. Orodha ya istilahi itampa jina la chombo na kumwacha hapo. Akipewa "koka", neno linaloeleweka mbele ya jiko la makaa, atamaliza hadithi yake.

Huenda ikapingwa kwamba mashine hizo zimekwisha kutoweka, hivyo vitenzi vyake havina kazi. Pingamizi hilo lina uzito kwa mwongozo wa mtumiaji, lakini halina uzito kwa historia. Aidha, haidaiwi hapa kwamba "swichi" au "kompyuta" yaondolewe. Nomino za mkopo hazijaidhuru lugha. Linalopendekezwa ni kwamba idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi kurekodi masimulizi ya wafanyakazi hao wakingali hai, na kwamba waundaji wa istilahi wayasikilize masimulizi hayo, vitenzi kwanza, kabla ya kuketi kuunda maneno.